Kuisemesha Miwa Bubu

1

Tuanze na nyoka. Ukiwauliza watu wa Bonde la Luhombo leo, mmoja atakuanzia na kampuni, mwingine na serikali, mwingine na zile meli za sukari zilizotia nanga zikingoja tufe, na wote watakuwa wameruka pahali. Habari hii ilianza na swila mmoja mweusi, mnene kama mkono wa mtu, aliyejilaza katikati ya miwa ya kitalu namba kumi na saba, ukingoni mwa korongo, ambako mashine ya kuvunia haifiki.

Mzee Filoteus Njahiti alikuwa ametumwa huko kukata vipando vya mbegu kwa panga. Alikuwa na miaka sabini na minne, na katika ujana wake wote alijua namna moja tu ya kukata miwa: unachoma kwanza, unauacha moto ule majani makavu na kuwatimua nyoka, halafu ndipo unaingia. Moto ulikuwa umepigwa marufuku bondeni kwa miaka ishirini na mmoja. Lakini Mzee Filoteus alipomwona swila anatanua shingo na kulenga macho, mkono wake haukungoja ruhusa ya kichwa. Alitoa kiberiti.

"Sasa mlitaka nifanyeje, nimpigie hodi?" alimwuliza askari wa kampuni aliyemkamata nusu saa baadaye, uso umejaa masizi. Wakamfungia kwenye stoo ya mbolea.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne iliyofuata Eusebia Likwambe, mkemia mkuu wa Kiwanda cha Sukari Luhombo, alitumwa kwenda kupima hasara ili mzee afunguliwe mashtaka. Alikwenda kwa hasira, tena hasira ya kweli, ya kumkasirikia mzee mwenyewe. Eusebia alikuwa mtoto wa mkata miwa. Alilelewa akisikia kifua cha mama yake, Bi Kasiana, kikipiga miluzi upande wa pili wa ukuta kwa ajili ya moshi, na alipokuwa na miaka ishirini na minne ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na karatasi, watu wakatia dole gumba, moto ukakomeshwa. Sheria ile ilikuwa yake. Leo mzee mmoja aibomoe kwa sababu ya nyoka!

Wasiojua mambo haya niwaeleze upesi. Miwa ya zamani ilikomaa ikawa tamu yenyewe, haikumwomba mtu. Kisha ukaja ugonjwa wa michirizi, ukaimaliza nchi nzima, na kampuni ya Salvik ikatuletea miwa isiyougua, inayokunywa nusu ya maji. Tukashangilia. Kumbe miwa hiyo huuweka utamu wake kwa namna ya wanga mgumu, imeufunga ndani, na haufunguki mpaka inyunyiziwe dawa ambayo Salvik peke yao wanayo. Ndiyo, umesikia sawasawa. Unalima wewe, unapalilia wewe, unaumwa mgongo wewe, halafu utamu anao mtu mwingine mfukoni. Watu wa Luhombo waliiita miwa bubu, na ile siku droni za kampuni zilipopita kunyunyiza, walisema zinakwenda kuisemesha.

Mwaka huo droni hazikuja. Salvik walisema hawatoi dawa mpaka wauziwe kiwanda chenyewe. Sheria nayo ilisema kiwanda kisiposaga mpaka siku ya tisini ya msimu, mgao wake wa soko unahamia kwa waagizaji wa sukari ya nje, na haurudi. Siku ya tisini ilikuwa Jumatatu ijayo.

Eusebia alisimama kwenye majivu ya kitalu, akachoma muwa wa upande wa juu kwa sindano nene, akaminya tone kwenye kioo cha kipimo cha utamu. Nne. Bubu kabisa, maji matupu. Akavuka majivu akaenda upande wa chini, kule upepo ulikokuwa ukielekea siku ya moto, akachoma muwa mwingine ambao haukuguswa na mwali hata kidogo.

Kumi na nane.

Akapangusa kioo kwa khanga. Akarudia. Kumi na nane na nusu. Akasema, "Mashine hii nayo imechoka kama mwenye nayo," akauvunja ule muwa gotini, akaumenya kwa meno na kuutafuna. Utamu ukamjaa mdomo mpaka mate yakamtiririka kidevuni. Akasimama pale na kidevu chake kimelowa, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mkemia mkuu, akitafuna kama mtoto aliyetoroka shule.

"Imesema," aliliambia korongo tupu. "Yesu na Maria, imesema."

2

Maabara ilikuwa na umeme saa mbili tu kwa siku. Umeme wa Luhombo ulitoka kwenye makapi ya miwa: kiwanda kikisaga, makapi yanachomwa kwenye boila lenye mitambo ya kuchuja moshi, na bonde zima linawaka, kuanzia zahanati hadi vinu vya mahindi. Kiwanda kilikuwa hakijasaga kwa siku themanini na nne. Makapi ya mwaka jana yalikuwa yamebaki kilima kidogo ambacho kuku walikuwa wanakichakura.

Eusebia alizitumia saa zake mbili zote. Alikwangua tangi la droni kuukuu akapata mabaki ya dawa ya msimu uliopita, matone machache. Akachukua majani ya miwa bubu, akayachoma kwenye kopo, moshi wake akaupitisha kwenye maji mpaka yakawa ya njano. Vyote viwili akavitia kwenye mashine ya kuchambulia, ile inayotenganisha kimiminika na kukichorea vilele kwenye karatasi, kila kilele kitu chake.

Karatasi ya moshi ilikuwa na vilele mia na zaidi, fujo tupu. Ya dawa ilikuwa na kimoja. Akaziweka moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani. Kile kilele kimoja cha dawa kilikaa juu ya kilele cha ishirini na sita cha moshi, sawasawa, hata unywele haupiti.

Alikaa chini. Hakulia, maana alikuwa si mtu wa kulia.

Salvik walikuwa wamenakili moshi. Watu wale walikuja bondeni wakati mama zetu wanakohoa, wakaupima moshi wao, wakachagua kitu kimoja ndani yake, wakatengeneza miwa inayokingoja kitu hicho, wakakitia kwenye chupa wakatuuzia. Na ili biashara ikae, ilibidi kwanza moto uzimwe bonde zima, ukae umezimwa, mtu asije akawasha kwa bahati mbaya akaona. Sasa nani wa kuuzima? Kampuni ingeuzima, watu wangekataa. Akatafutwa binti wa mkata miwa mwenye uchungu na mama yake.

Akamkumbuka bwana mmoja mpole aliyejiita mtu wa hewa safi. Ndiye aliyelipia zile karatasi, tena akamnunulia viatu vya kutembelea. "Kazi yako itakumbukwa," alimwambia. Mshenzi mkubwa! Eusebia alikipiga teke kiti cha maabara kikaenda kugonga kabati, na chupa mbili zikaanguka zikapasuka, na hakuziokota.

Kuna jambo moja lililomchoma zaidi, na hilo hakumwambia mtu siku hiyo. Kifua cha mama yake kilikuwa kimeharibika kweli. Watoto walikuwa wanakohoa kweli. Karatasi ile haikuwa na uongo hata neno moja.

3

Habari haifichiki penye askari wa Salvik. Jumatano asubuhi Evarist Kyando, wakala wa Salvik, alifika kiwandani kwa gari lisilo na sauti. Alikuwa kijana wa nchi hiihii, mtaratibu, shati limenyooka. Alikuja pamoja na Otmari Mkopi, mwenyekiti wa chama cha wakulima, mtu mnene mwenye moyo mwepesi, ambaye hakumtazama Eusebia usoni.

"Dada Eusebia," alianza Kyando, "nimekuja kumaliza mambo, si kuyakuza. Dawa ipo tayari. Droni zinaingia kesho, bure, msimu mzima. Mzee anaachiwa leo hii. Wewe unatia sahihi hapa tu, kwamba miwa ya kitalu kumi na saba ilipata mabaki ya dawa ya mwaka jana, na moshi hauna kazi yoyote."

"Na mwakani?"

"Mwakani tutazungumza."

"Mwakani mtatudai kiwanda."

Kyando akatabasamu. "Dada, tuseme ukweli. Sukari ni bidhaa tu. Ya meli ni nafuu kuliko yenu. Mama wa mjini anayechemsha chai hajali muwa ulikatwa na nani."

Hapo ndipo Eusebia alipofunguka. "Bidhaa! Twende nje nikuonyeshe bidhaa." Akamshika mkono wa shati lile lililonyooka, akamtoa hadi barazani. "Unaona ile zahanati? Taa yake ni makapi. Spiriti ya kusafishia vidonda inatoka kwenye molasi yetu. Unaona wale wanawake wenye masufuria? Walikuwa wanapikia madereva mia mbili wa trekta, leo wanapikiana wenyewe kwa wenyewe. Fundi wa kuchomelea yule pale, mfuma makapu, mwenye duka la matairi, wafugaji wa ng'ombe kule juu, wote hao wamo ndani ya kijiko kimoja unachokiita bidhaa. Wenzetu wa kiwanda cha Mahoro walikubali sukari ya meli kwa sababu ilikuwa nafuu. Kiwanda chao kilipokufa, ikaendelea kuwa nafuu?"

Kyando akaunyoosha mkono wa shati lake.

"Jibu! Wewe si una takwimu?"

"Ilipanda," alisema.

"Ilipanda mara tatu! Na Mahoro wameng'oa hata reli wakauza chuma, sasa wanachoma mkaa. Usiniambie mimi nafuu."

Otmari akakohoa kidogo. "Dada yangu, anachosema ni msimu huu tule kwanza. Watu wana njaa. Sahihi moja tu. Tukishasaga tutakuwa na nguvu ya kubishana."

"Tutakuwa na nguvu gani, Otmari, nikishasema kwa sahihi yangu kwamba moshi si kitu? Mtu wa pili akija kusema ni kitu, watamwonyesha karatasi yangu. Hawa karatasi zangu wanazipenda sana."

Ndipo Kyando, kwa upole uleule, akatoa simu yake akasoma. "'Hakuna mtoto wa Luhombo atakayekohoa tena kwa ajili ya sukari.' Maneno ya nani haya, dada? Usipotia sahihi ni lazima uwashe moto. Huna dawa nyingine. Unajua moshi wa vitalu mia nne ulivyo. Kesho mimi nitakuwa mjini. Kikohozi kitabaki kwenu."

Eusebia aliyatazama mashamba. Yule mshenzi alikuwa amesema kweli. Njia nyingine ilikuwepo, aliifikiria usiku kucha: kuunasa moshi kwenye maji kama alivyofanya kwenye kopo, kisha kuyanyunyiza maji, na kifua cha mtu kisiguswe. Lakini kwa bonde zima hiyo ilikuwa kazi ya matangi na mabomba na mwaka mzima, na miwa huhitaji siku nne tangu moshi mpaka utamu. Leo ilikuwa Jumatano. Mwakani ingewezekana, kama mwakani kungekuwa na kiwanda.

"Nipe mpaka jioni," alisema.

4

Bi Kasiana alikuwa ameketi kitandani, mrija wa mashine ya hewa puani, akichambua mchele kwenye ungo. Betri ya mashine ilikuwa inalia kila dakika kumi kuomba umeme. Eusebia alimweleza yote, tangu swila hadi vilele viwili, na mama hakuacha kuchambua.

"Kwa hiyo ndivyo ilivyo, mama. Nikitia sahihi, dawa inakuja, hewa inabaki safi, na mwakani wanatumeza. Nikikataa, nachoma. Nitawapeleka watoto na wagonjwa Kilima cha Misheni, upepo wa msimu huu hauendi huko. Wewe wa kwanza. Siku mbili tu. Halafu basi, moto wa mwisho, mwakani tunanyunyiza maji." Akameza mate. "Unasemaje?"

"Sisemi."

"Mama."

"Sisemi, Eusebia. Wewe unataka nikwambie choma, ili mtu akiumia useme mama mwenyewe mwenye kifua aliniruhusu. Au unataka nikwambie usichome, ili watu wakikosa kazi useme nilimhurumia mama. Mimi si mhuri wako." Alipumzika kidogo, hewa ikimpiga mluzi. "Ile karatasi yako ya kwanza nilitia dole kwa sababu ulikuwa umesimama mlangoni na viatu vipya na macho yamekuwa mekundu. Nilijua moto ukizimwa wakata miwa elfu tutafukuzwa, mashine zije. Nilijua. Hukuniuliza nilijua nini. Uliniletea wino."

Eusebia akahisi amepigwa kofi. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unanipenda kwa kelele sana, hukunisikia." Mama akasukuma ungo pembeni. "Kilimani nitakwenda, kwa sababu sitaki kufa. Lakini uamuzi ubebe mwenyewe. Haya, niletee khanga zangu."

5

Mkutano ulifanyika alasiri ileile kwenye uwanja wa mizani. Mzee Filoteus alikuwa ameachiwa, maana watu walikuwa wameing'oa kufuli ya stoo ya mbolea bila kumngoja Kyando, na alikuwa akiwasimulia vijana habari ya swila ambaye sasa alikuwa amefikia unene wa paja.

Eusebia alipanda juu ya tela. Alikuwa hajui kuhutubia, alisema kama anavyosema kazini, moja kwa moja. Aliwaambia juu ya moshi na dawa. Kelele zilizuka, watu wakamtaja Kyando na mama wa Kyando, akangoja zitulie. Kisha akawaambia nani aliyelipia karatasi za miaka ishirini na mmoja iliyopita, na viatu. Kelele hazikuzuka.

"Ebo," alisema mwanamke mmoja. "Kumbe uliuzwa ukatuuza na sisi."

"Ndiyo," alisema Eusebia.

"Mimi kesho alfajiri nachoma," aliendelea. "Sahihi yao sitii. Atakayeshtakiwa ni mimi, nimeshaandika barua, nimesema ni amri yangu. Watoto wote, wazee na wenye vifua waende Kilima cha Misheni leo jioni, trekta zitawabeba. Upepo unatoka mashariki, moshi utashuka bondeni, hautapanda kule."

Mama mmoja wa kambi ya wafanyakazi namba tatu alinyoosha mkono. Walimwita Mama Vene kwa jina la binti yake, Veneranda, wa miaka mitatu, aliyekuwa amelala mgongoni mwake. "Upepo umekuambia hivyo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Miaka yote ya vipimo inasema hivyo," Eusebia alijibu.

"Mimi nitampeleka mtoto huko, kwa kuwa sina pengine. Lakini sijakubali. Mume wangu ni dereva wa trekta, nataka kinu kigeuke kuliko wewe. Hata hivyo nataka ijulikane hapa mbele ya watu kwamba sijakubali."

"Imejulikana, Mama Vene," alisema Eusebia. Otmari akapiga makofi kutaka mkutano ufungwe, na watu wakaanza kutawanyika kwenda kukusanya majani makavu ya kuwashia moto.

6

Walichoma alfajiri ya Alhamisi, mikanda kumi na minane ya miwa upande wa mashariki, ili moshi upite juu ya iliyobaki. Wazee waliowahi kukata miwa ndio walioongoza, na Mzee Filoteus alitembea mbele yao amevaa buti za kuazima, akiwafokea vijana wa chuo: "Usiukimbize moto, wee! Upe mgongo wa upepo, uache ule wenyewe! Mmefundishwa nini huko?" Moto ulilia kama mvua kubwa inayokuja. Moshi ukainuka mweupe, kisha wa kahawia, ukalala juu ya bonde lote kama shuka, na majivu marefu meusi yakaanguka kwenye paa za kambi, yale ambayo watoto wa siku hizi hawakuwa wameyaona maishani mwao. Kina mama wengine walilia kwa harufu yake tu. Eusebia alikaa mashariki ya mikanda na kipimo cha upepo mkononi, hakukiacha hata kunywa maji.

Saa sita mchana upepo ukakatika. Ukasimama kabisa, kisha ukageuka ukatoka magharibi. Aliiona sindano ya kipimo ikizunguka, akapiga kelele, lakini moto wa miwa ukishashika hauzimwi kwa kelele za mtu. Kwa muda wa nusu saa moshi ulipanda Kilima cha Misheni. Walifunga madirisha, wakalowesha mashuka, wakawalaza watoto sakafuni chini ya madawati. Kisha upepo ukarudi pale pale ulipokuwa, kana kwamba haukufanya kitu. Bi Kasiana alikohoa mpaka jioni na akaishi.

Jumatatu, siku ya tisini, watu walikuwa wamejaa uwanja wa mizani tangu jua lilipotoka. Meza ilitolewa nje. Wakulima walipanga foleni na vipande vya miwa, kila mmoja cha kitalu chake, na Eusebia akaviminya kimoja kimoja na kutaja kwa sauti. Kumi na saba. Kumi na tisa. Kumi na nane na nusu. Kila namba ilipokelewa kwa vigelegele. Huyu anauliza, "Imesema?" Yule anajibu, "Imesema, tena inapayuka!" Kyando alipiga simu mara sita, Otmari akamwekea simu karibu na vigelegele asikie. Saa tano king'ora cha kiwanda kikalia kwa mara ya kwanza msimu ule, kinu kikaanza kugeuka, na ardhi ya uwanja ikatetemeka chini ya miguu ya watu. Otmari alilia waziwazi. Mzee Filoteus alicheza peke yake katikati na panga begani.

Eusebia naye alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile hasira ilimtoka kifuani, akacheka kwa sauti, akapangusa kioo cha kipimo, akaita, "Nani mwingine?"

Mama Vene alikuwa ndiye anayefuata kwenye foleni. Hakuwa na muwa. Alimfungua Veneranda mgongoni, akamketisha juu ya meza, katikati ya vipande vya miwa vilivyominywa.

"Nasikia leo unapima," alisema. "Haya, mpime na huyu."

Mtoto alikuwa amefumbua mdomo kama kifaranga. Mbavu zake zilikuwa zinaingia na kutoka chini ya gauni. Eusebia aliinama akamwekea sikio mgongoni, ingawa hakuhitaji. Aliusikia ule mluzi. Alikua nao, aliujua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu kilimani kwako."

"Mama Vene," Otmari aliingilia, angali akijifuta machozi ya furaha, "mama yangu, leo siku kubwa, hebu tuyaache haya mpaka..."

"Nyamaza, Otmari!" Eusebia alimkemea kwa sauti ambayo iliwafanya waliokuwa karibu waache kupiga vigelegele. Kisha akamgeukia mama yule. Alikuwa na maneno ya kumwambia: upepo haujapata kugeuka hivyo, mwakani ni maji tu, kinu kimegeuka na mumeo yuko juu ya trekta. Yote yalikuwa ya kweli. Aliyaangalia yote, akaona ni maneno ya yule bwana wa viatu.

"Mimi ndiye niliyechagua kilima," alisema. "Si upepo. Ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana sikumpeleka kwingine, nimemleta kwako." Mama Vene akaivua khanga yake ya mbeleko, akamtupia kifuani. "Mbebe."

Eusebia akajifunga mbeleko mbele ya watu wote, akamweka mtoto mgongoni, akaondoka kuelekea zahanati. Njia ilipita kando ya foleni ya trekta, ndefu, zimejaa miwa, madereva wakipiga honi na kuimba jina lake. Waliona alichobeba, wakaacha kuimba mmoja baada ya mwingine. Mama Vene alifuata nyuma, mikono mitupu, hakusaidia. Veneranda alikohoa njia nzima, na kila alipokohoa Eusebia aliisikia hewa yake ya moto shingoni, na akaendelea kutembea.